Nani Alikimbia kwenye "Dirisha la Juu"?

Siku ile mimi sikukimbia. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, kwa sababu ukishalisikia jina langu utacheka, na ukishacheka hutanisikiliza tena. Miaka arobaini na moja watu wameniita Mbio. Wateja wangu wa cherehani wananiita Mbio. Wajukuu wa jirani wananiita Babu Mbio. Mwaka jana msoma mita za maji, kijana ambaye mama yake mwenyewe alikuwa bado anatambaa wakati jina hilo linazaliwa, aligonga mlango na kuuliza kama hapa ndipo kwa Mzee Mbio. Na methali za haraka zote nimeshatupiwa. Haraka haraka haina baraka, mwenda pole hajikwai, polepole ndio mwendo. Nilishaapa kwamba nikiisikia moja zaidi nitamrushia mtu pasi, tena ikiwa ya moto.

Chanzo cha yote ni santuri. Enzi hizo nilikuwa napiga besi, ile kubwa ya mbao yenye kimo cha mtu, ambayo unaipiga umesimama umeikumbatia. Kiongozi wa bendi alikuwa mpuliza saksafoni mmoja mrefu, mkali, mwenye masikio ya kusikia hata kosa ambalo bado hujalifanya. Leo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa hiyo nitamwita Shemeji, ingawa wakati ule alikuwa bado. Tulirekodi nyimbo nane za jazi, na zote zilikuwa zile nyimbo ambazo kila mtu anazijua, ambazo mama anaziimba akifua. Huo ndio uliokuwa ufundi wa Shemeji. Alichukua wimbo unaoujua, akakupigia mara moja jinsi ulivyo ili usije ukasema hukumtambua mtu wako, halafu akaondoka nao. Akaupitisha vichochoro ambavyo hukujua kama vipo, na ulipoanza kuingiwa na wasiwasi akaurudisha nyumbani mzima.

Wa nane ulikuwa "Dirisha la Juu". Kijana amesimama chini ya ghorofa, anamwomba binti afungue dirisha, walau auone mkono. Ni wimbo wa kutembea taratibu, mikono mfukoni. Lakini kwenye ile santuri nyimbo saba zinatembea, na wa nane unakwenda kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Na kwenye bendi kama yetu mwendo unabebwa na besi. Besi ikikimbia, wote wanakimbia. Kwa hiyo kesi yangu iliamuliwa kabla haijasikilizwa.

Tena ushahidi walikuwa nao. Jioni ile ya kurekodi nilikuwa na miadi na dada yake Shemeji, saa kumi na mbili, kwenye kona ya posta, na ilikuwa siri. Shemeji akaja kuigundua wiki ileile santuri ilipotoka. Akaiweka santuri kwenye gramafoni ya duka lililokuwa likiiuza, akasikiliza mwanzo wa "Dirisha la Juu", akainua sindano, na mbele ya bendi nzima akasema sasa anajua nilikuwa namkimbilia nani. Mpiga ngoma wetu alicheka mpaka akakaa chini. Jina likazaliwa hapohapo.

Dada yake nilimwoa, hilo halikunishinda. Kilichonishinda ni kupiga besi huku mtu ananigeukia kila tukifika wimbo ule, ananikodolea macho miguuni, anangoja nianze kuchomoka. Baada ya miaka miwili nikaacha. Besi nikaisimamisha nyuma ya mlango wa duka langu la ushonaji, na imekaa pale ikitundikiwa makoti ya wateja. Mimi na Shemeji tuliendelea kuwa ndugu. Tulizikiana wazee, tukaozeana watoto, tukalala kwenye mabenchi ya hospitali kwa zamu. Muziki tu ndio hatukuugusa.

Na kuna jambo jingine liliniuma, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Mke wangu hakunitetea hata siku moja. Kaka yake akianza utani wake mezani, yeye anainamisha uso na kutabasamu. Mimi nilipiga marufuku santuri ile isichezwe nyumbani mwangu, na yeye hakubishana. Aliifunga kwenye shuka akaiweka kabatini, na mara moja moja nilimkuta akiifuta vumbi. Nilijiuliza ni mke gani huyu anayetunza ushahidi wa aibu ya mumewe.

Sasa basi. Jumanne moja asubuhi Shemeji akaingia dukani nikiwa nakunja pindo la suruali ya mtu. Ana miaka sabini na sita, lakini kukaa hakukaa. Akaniambia Jumamosi anarekodi albamu, jazi, nyimbo nane zilezile za zamani, apulize tena kabla mapafu hayajamuaga. Kijana wake wa besi alikuwa ameteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Akaitazama besi yangu, ambayo siku hiyo ilikuwa imebeba makoti manne na gauni moja la harusi. Akasema niende nikapige, ila kwa sharti: nitavaa hedifoni yenye mashine ya kuhesabu, ile inayogonga tik, tik, tik sikioni ili mtu asipotee mwendo. Wenzangu hawatavaa. Nitavaa mimi peke yangu.

Bahati yake pasi ilikuwa mbali. Nikamwambia na mimi nina sharti langu. Kwenye jalada la albamu liandikwe jina langu la kitambulisho, yote matatu, langu na la baba na la babu, na neno Mbio lisionekane hata kwa bahati mbaya. Akasema sawa, akatoka. Nikafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo nalifanya nikiwa na msiba tu, nikaivua besi lile gauni la harusi, nikaikumbatia na kucheka peke yangu. Nilitaka kitu kimoja tu maishani: kabla sijafa, nisikike kwenye wimbo ule nimetulia. Hata kama ni kwa kuhesabiwa na mashine, bora nisikike.

Siku tatu nilifanya mazoezi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nikavifunga plasta, nikaendelea. Mke wangu aliniletea chai dukani, akasimama mlangoni akinisikiliza, akatabasamu lile tabasamu lake, na mimi nikanuna kama kawaida.

Studio yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la matairi. Kuta zimevalishwa magodoro, lakini pampu ya upepo ya chini ikiwashwa hakuna godoro litakalokusaidia. Fundi wa sauti, binti wa miaka thelathini hivi anayeweka miwani kichwani halafu anaitafuta, alikuwa ameshapatana na wale vijana wa matairi: akining'iniza taulo jekundu dirishani wanazima pampu, akiliondoa wanaendelea na kazi. Taulo hilo ndilo lililotutawala siku nzima. Kwenye kinanda alikuwepo mwalimu wa hisabati wa sekondari, kijana mpole, ambaye wote tulimwita Mwalimu. Kwenye ngoma alikuwa yuleyule mzee wetu aliyecheka mpaka akakaa chini. Siku hizi hahitaji kucheka ili akae.

Taulo likaning'inizwa dirishani, Shemeji akainua saksafoni, na jamani, niseme nini? Mtu huyu ngazi za studio alizipanda kwa vituo vitatu. Lakini sauti iliyotoka mle ndani ilikuwa pana, imetulia, ina vikwaruzo vidogo vya mtu aliyeongea sana ujanani na sasa anachagua maneno. Nywele za mikono zilinisimama. Wimbo wa kwanza ulitoka kwa mara moja. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu kuna mteja mkorofi aliamuru pampu iwashwe, tukarudia, ukatoka mtamu zaidi. Mwalimu alikuwa anacheka huku anapiga. Pale ambapo zamani Shemeji angejaza noti ishirini, sasa aliacha nafasi, na mimi kwenye ile nafasi nikatia noti moja, na yeye akanijibu kwa mbili. Hatukuwa tumezungumza hivyo kwa miaka thelathini na tisa. Na ile tik tik ilinigongea sikio kutwa nzima bila kunikuta nimepotea hata mara moja.

Tukafika wa nane. Wimbo huu hawakuwa wameufanyia mazoezi hata kidogo. Shemeji alisema wa nini, nani asiyeujua "Dirisha la Juu"? Ndivyo wanamuziki wanavyojiangamiza: wimbo mgeni wanauchambua wiki nzima, ule wanaoujua wote hakuna anayeuuliza kitu. Mwalimu akaanza peke yake kwenye kinanda, Shemeji akaingia, na ikawa ajali. Kinanda kilikuwa huku na saksafoni kule, na kati yao nusu sauti, yaani ule umbali wa kutoka kitufe cheupe cha kinanda hadi cheusi kinachokifuata. Kwa macho ni kitu kidogo. Kwa masikio ni kama umevaa kiatu chako mguu mmoja na cha mwenzako mguu wa pili.

Shemeji akashusha saksafoni na kumwuliza Mwalimu nani alimfundisha kuanzia F shapu, kitufe cheusi, wakati dunia nzima inajua wimbo unapigwa kwenye F, kitufe cheupe. Mwalimu akajibu kwa heshima zote kwamba amefundishwa na santuri yake yeye Mzee. Tangu ana miaka tisa alikuwa anapiga kinanda sambamba na santuri ile, na rika lake lote limejifunzia hapo. Shemeji akasema santuri ile aliipuliza kwa mdomo wake, kwenye F, na hakuna mpuliza saksafoni mwenye akili timamu atakayechagua F shapu, kwa sababu vidole vinafungana. Mpiga ngoma akaongeza kwamba masikio ya vijana yameharibiwa na simu. Mwalimu akakunja mikono. Mpole, lakini ni mtu wa hisabati, hakubali jibu kwa sababu tu limetoka kwa mkubwa.

Nikamwuliza Mwalimu kama ana uhakika. Akasema, Mzee, si wewe ndiye uliyepiga? Na ukweli ni kwamba sikujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Mwanamuziki hasikilizi santuri yake, anajisikia kasoro tu. Kwangu ilikuwa imepigwa marufuku. Shemeji aliisikiliza kidogo tu siku ile, akakasirika, na hajaigusa tena. Tukiisikia redioni kwa mbali ikiwa juu kidogo, tulilaumu redio. Na jukwaani kila mtu alipiga kwa vidole vyake, kwenye F, kama alivyozoea. Nikatoa simu nikampigia mke wangu, nikamwambia afungue kabati alete santuri. Akauliza ya nini. Nikamwambia alete tu, ataelewa akifika.

Baada ya nusu saa akaingia anahema kwa zile ngazi, santuri ameifunga kwenye shuka na kuikumbatia, na hakumkabidhi fundi mpaka fundi alipokwenda kunawa mikono. Fundi akaiweka kwenye mashine yake, Mwalimu akakaa kwenye kinanda. Wimbo wa kwanza, kinanda na santuri ni kitu kimoja. Wa pili, kitu kimoja. Wakapima zote saba, zote sawasawa. Kisha wa nane. Mwalimu akabonyeza kitufe cheupe, ikakwaruza. Akabonyeza cheusi, ikaingia pale. Hakujisifu, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Shemeji alikuwa amekunja uso. Akasema, labda siku ile yeye ndiye aliyepandisha. Alikuwa kijana, alipenda kujionyesha, na miaka arobaini na moja nani anaweza kuapa?

Hapo nikaivua ile hedifoni. Nikasema mimi naapa. Enzi zile nilikuwa na mtindo wangu, na waliokuwepo wote waliujua: katikati ya "Dirisha la Juu" nilivuta uzi wa pili ukiwa mtupu, bila kuukandamiza na kidole, nikaachia mikono yote miwili, na wakati uzi unalia nikaizungusha besi mzunguko mzima juu ya msumari wake wa chini. Watu walipiga vigelegele. Siku ya kurekodi nao niliufanya, kwa ujinga tu, hakuna hata mtu wa kuniona, na besi ikagonga nguzo ya maiki. Shemeji alinigombeza sana. Nikamwambia fundi atafute mgongano huo. Akasogeza sindano, tukainama wote, na kweli, baada ya miaka yote ile, ukasikika: ko. Na chini ya mgongano, uzi wangu unalia.

Nikainua mikono yote juu waione. Nikavuta uzi wa pili wa besi yangu, mtupu, nikarudisha mikono juu. Mwalimu akaitafuta noti kwenye kinanda: D, kitufe cheupe. Fundi akarudisha sindano. Ko, na uzi unalia, na Mwalimu akaitafuta: D shapu, cheusi. Nikawauliza, mtu ameachia mikono yote miwili, uzi mtupu ataupandishaje? Kwa meno?

Fundi akaitafuta miwani yake, ikawa kichwani kama kawaida. Akauliza swali moja tu, kama siku ile umeme ulikatika. Mpiga ngoma ndiye aliyekumbuka kwanza, akapiga paja. Jenereta! Nyimbo saba tulirekodi na umeme wa kawaida, kisha ukakatika, na mwenye studio akawasha jenereta uani, moja kuukuu linalokohoa. Wimbo wa nane ulirekodiwa kwa jenereta. Fundi akaanza kucheka taratibu. Akatueleza kwamba enzi hizo wimbo ulinaswa kwanza kwenye kanda ndipo ukaingizwa kwenye santuri, na mashine za kanda zilichukua mwendo wao kutoka kwenye umeme. Jenereta likichoka, kanda inajivuta. Baadaye ukiicheza kwa umeme mzima, kila kilichomo kinaharakishwa.

"Mtu akikimbia, mwendo unaongezeka lakini sauti inabaki palepale," akasema. "Hapa mwendo umeongezeka na sauti imepanda pamoja. Mzee hakukimbia. Kanda ndiyo iliyokimbia."

Akashika kidude cha mashine akapunguza mwendo kidogo kidogo, mpaka kitufe cheupe cha Mwalimu kikaingia pale. Na tukausikia. "Dirisha la Juu", tulioupiga sisi, vijana wa wakati ule, ukitembea taratibu, mikono mfukoni. Besi imetulia tuli. Ninyi, nililia. Nilipiga godoro la ukutani kwa ngumi, nikasema sikukimbia, sikukimbia, niliwaambia, na mpiga ngoma akawa ananishika mabega na kunitikisa, na Mwalimu anapiga makofi. Shemeji akavua kofia. Akaja mpaka niliposimama, akasimama mbele yangu, mtu mrefu vile, hajui aweke wapi mikono.

"Nilikuonea, shemeji," akasema. "Nilikuonea sana."

Nilimkumbatia yeye na saksafoni yake pamoja. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika jiji lile. Nikageuka kumtafuta mke wangu aione furaha yangu. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la ngoma, anaikunja ile shuka, kona kwa kona, polepole. Hakuwa anatabasamu.

"Kwa hiyo siku ile hukuwa na haraka," akasema.

Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba sikuwa na haraka hata chembe, nilitulia kama maji ya mtungini. Mjinga mimi.

"Mimi miaka yote nilijua ulikuwa unanikimbilia," akasema, na akaendelea kukunja shuka.

Nilihisi kama mtu amenivua shati hadharani. Lile tabasamu la mezani. Ile santuri katikati ya mashuka. Mimi nilidhani anatunza aibu yangu, kumbe mwenzangu alikuwa anatunza barua ya mapenzi. Miaka arobaini na moja mwanamke huyu, kila kaka yake akinicheka, alikuwa anasikia kwamba kuna kijana mmoja aliuharibu wimbo mzima ili amuwahi kwenye kona ya posta. Na mimi nimemleta mwenyewe hapa, kwa simu yangu, aje ashuhudie ikithibitishwa kwamba haikuwa hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba baada ya kurekodi nilikimbia kweli, njia nzima mpaka posta, nikafika sina pumzi. Lakini huko barabarani hapakuwa na maiki.

Sikupata nafasi ya kusema chochote. Vijana wa matairi walianza kuita kutoka chini. Taulo lilikuwa dirishani zaidi ya saa nzima, wana gari mbili juu ya jeki na wateja wameshika viuno. Fundi akachungulia, akabembeleza, akarudi na dakika kumi. Shemeji akaiokota hedifoni yangu, akaizungushia waya wake na kuiweka sakafuni mbali nami. Akasema leo hahesabiwi mtu. Kwenye F. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaanza.

Akaanza vizuri, taratibu, ule mwendo wa kweli. Mimi nikaingia chini yake nimetulia kama nilivyoota siku zote. Shemeji akaupuliza wimbo ulivyo, mara moja, kwa upole, mpaka ukamwona yule kijana kasimama chini ya ghorofa. Kisha akaondoka nao. Nami nikainua macho. Mke wangu alikuwa mbele yangu hatua nne hivi, shuka mapajani, anautazama mkono wangu. Sio uso, mkono. Ndivyo alivyoutazama siku ile nilipomfikia posta, nikiwa na plasta kama hizi hizi, akanishika vidole kabla hata hatujasalimiana. Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilipiga. Shemeji akapanda juu, nikapanda naye, ngoma ikaja, Mwalimu naye huyo, chumba kizima kikawa kinatoa moshi. Tulipofika katikati nikavuta uzi wa pili, nikaachia mikono, nikaizungusha besi mzunguko mzima. Miaka sitini na tisa ninayo, na nguzo ya maiki sikuigusa. Nilimwona akiziba mdomo kwa shuka.

Tulipomaliza hakuna aliyepumua mpaka fundi alipotoa ishara. Kisha taulo likaondolewa, na pampu ya chini ikanguruma kana kwamba nayo ilikuwa inasikiliza. Fundi alikuwa anatazama kioo chake cha kompyuta, anauma mdomo. Akanitazama, akamtazama Shemeji, akarudi kwenye kioo.

"Imeanza na mapigo sabini na mbili kwa dakika," akasema. "Imeishia na themanini na nne. Na sauti haijapanda hata kidogo."

Kila mtu alielewa. Mpiga ngoma akatafuta kiti, akakikosa, akakaa sakafuni kucheka. Mwalimu akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Shemeji yeye alicheka mpaka machozi, akashika magoti, akakohoa, tukaogopa. Alipopata pumzi akawa mtu mzima. Akasema wote tulikimbia nyuma yangu na hakuna aliyenizuia, lakini hii ni haki yangu niliyoingoja miaka mingi, kwa hiyo atashuka mwenyewe kuwapigia magoti watu wa matairi, watupe dakika kumi nyingine, turudie kwa utulivu.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameinamisha uso, anatabasamu.

Nikamwambia Shemeji asishuke popote, wimbo ubaki hivyohivyo. Akanikazia macho, kisha akamtazama dada yake, akavaa kofia yake bila kuuliza zaidi. Fundi akachukua karatasi ya majina ya jaladani. Langu alikuwa ameshaliandika yote matatu, kwa herufi kubwa, bila kosa, akanisogezea nihakiki kabla haijakwenda kuchapwa.

"Futa hayo," nikamwambia. "Andika Mbio."